Fisi Maji na Wavu wa Kijiji

Likizo ya Juni nilirudi nyumbani nikakuta nyumbani pamehama. Baba alikuwa amenitumia barua, aliyoandikiwa na karani wa ghala la pamba, kwamba nikipanda basi la Bunda kutoka Musoma nisiende mpaka njia panda ya Butiama kama zamani. Nishuke kabla, nimsubiri. Nilishuka na sanduku langu nikamkuta tayari ameegemea baiskeli ya kuazima. Akaniambia, "Karibu kijijini, mama," kana kwamba kule vilimani tulikotoka kulikuwa porini. Mimi ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Kijiji kilikuwa mistari minne ya nyumba, zote mpya, zote zikinuka udongo mbichi na nyasi za paa. Watu walikuwa wametoka vilima mbalimbali wakati wa Operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa, wakulima wa pamba na wafugaji, wakapangwa kama wanafunzi wa bweni: wewe hapa, wewe pale. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika mstari wa mwisho. Baada yake yalikuwa matete, majabali, na ziwa. Mama yangu alilalamika kwamba upepo unamzimia moto. Baba hakusema neno juu ya ziwa. Niliona tu kwamba kigoda chake amekiweka upande ule wa nyumba ambao ukikaa hulioni.

Mimi nililipenda. Niseme ukweli, nililipenda kwa sababu halina maswali. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, na sikuweza kusema mbele ya watu. Mwalimu akiniita kujibu, jibu nililokuwa nalo tangu jana lilifika kooni likageuka kurudi tumboni. Bwenini wenzangu walinizoea kama kabati: lipo, halisemi. Yale niliyoshindwa kuyasema niliyaandika kwenye daftari, na ndiyo maana haya nayakumbuka mpaka rangi za asubuhi zake.

Kuchota maji ilikuwa kazi yangu, mapema, kabla upepo haujaamka. Siku ya tatu nikasikia mluzi. Mfupi, mwembamba, kama wa mtoto anayemwita mwenzake bila kutaka mama asikie. Nikasimama na ndoo mkononi. Juu ya jabali kubwa, lile ambalo nusu yake imo majini, palikuwa na mnyama mrefu wa kahawia, amelowa, anang'aa kama kiatu kilichopakwa rangi. Shingoni alikuwa na mabaka meupe, kama mtoto aliyekunywa uji akajimwagia. Alipiga mluzi tena, na kutoka kwenye ufa chini ya jabali wakatoka watoto watatu, wanasukumana.

Nilikuwa nimesoma jina lake kwenye kitabu cha baiolojia, pamoja na mchoro mbaya. Fisi maji. Yule wa kwenye mchoro alikuwa amesimama tu. Hawa hawakusimama hata kidogo. Mmoja alimng'ata mwenzake mkia akakimbia; yule aliyeng'atwa akamwonea wa tatu, ambaye hakuwa na kosa. Waliteleza kwa matumbo kwenye ukoka uliolowa umande mpaka kwenye mchanga, wakapanda, wakateleza tena, wakabishania zamu kwa kelele kama watoto wa shule ya msingi kwenye bomba. Mmoja aliokota kijiwe akalala chali, akakirusha toka mkono huu kwenda mkono ule, kikamwangukia puani. Akakitazama kwa hasira. Nilicheka peke yangu, na siku hizo sikuwa mtu wa kucheka peke yangu.

Kuanzia hapo nikawa nawahi. Nilikaa kwenye matete, ndoo nimeiinamisha isigonge jiwe, na nikaandika. Niliandika kwamba mama yao akitoka majini anajikausha kwa kugaagaa mchangani, na watoto wanamwiga hata kama ni wakavu. Niliandika kwamba akileta kaa, kila mtoto anamlilia kama ambaye hajala tangu azaliwe. Siku moja alileta furu, yule samaki mdogo wa kwenye majabali, akiwa bado anarukaruka, akamwachia kwenye kidimbwi kati ya mawe. Watoto wakaanguka juu yake wote kwa mara moja, na samaki akapita katikati yao akaenda zake. Mama akamfuata, akamleta tena. Akamwachia tena. Hakuwagombeza. Baba yao sikumwona, au nilimwona nisimjue.

Sasa niseme habari za wavu.

Kijiji kilikuwa kimepewa wavu mmoja wa nailoni na mtumbwi mmoja, ili nasi tulio karibu na maji tuvue kwa ujamaa kama tunavyolima kwa ujamaa. Baba alichaguliwa kiongozi wa kikundi cha uvuvi. Hakuwa mvuvi. Alichaguliwa kwa sababu huko vilimani alijulikana kuwa hajawahi kupoteza ng'ombe wa mtu. Kikundi kizima kilikuwa cha watu wa namna hiyo, wanaume tisa wanaojua kusoma kwato kwenye vumbi, na wavu waliutega kama wanavyojua kazi yao. Ncha moja waliifunga kwenye lile jabali kubwa, kwa fundo la kufungia ndama. Ncha ya pili waliifunga kwenye nguzo waliyoichimbia pale maji yanapofika magotini. Asubuhi waliuvuta kutoka nchi kavu, wamekunja suruali. Mtumbwi ulikuwa umepinduliwa mchangani, na kuku wa mstari wa tatu walikuwa wanatagia chini yake.

Jirani yetu, mama mmoja aliyezaliwa Majita na kuolewa vilimani, ndiye peke yake kijiji kizima aliyekulia ziwani. Alikuwa akipita na beseni lake la nguo anamtania baba, maana walikuwa wanaitana shemeji.

"Shemeji, hiyo nyavu umeifunga kama ndama. Inasubiri kunyonya?"

Baba akasema pale panatosha, mbali itaibwa.

"Nyavu inakaaga kwenye samaki, haikaagi kwenye mvuvi. Panda mtumbwi, shemeji. Ziwa halina kwato, halimkanyagi mtu."

"Lina mdomo," baba akamjibu, na wanaume wakacheka, na yeye akaenda zake akitikisa kichwa.

Wavu ulichanika. Mara ya kwanza tundu la kupita kichwa, mara ya pili la kupita mbuzi. Mara ya tatu ulitoka na vichwa vya samaki tu, miili imeliwa, na kwenye jabali juu yake palikuwa na mavi yaliyojaa magamba. Haikuhitaji mpelelezi. Watu walioacha nyumba zao na mizinga yao ya nyuki wakaja kuahidiwa samaki walikuwa wanakula mlenda siku ya kumi na moja. Minong'ono ilianza kwamba kiongozi wa uvuvi amelala.

Kikao kikaitwa kwenye ghala la pamba. Wazee walikaa juu ya magunia, vijana kwenye bao la mizani, akina mama chini upande wa mlangoni. Katibu alikuwa amekwenda Bunda, basi mwenyekiti akaagiza yule binti wa sekondari aandike. Nilishukuru, maana mtu anayeandika haulizwi kitu. Mwenyekiti alikuwa mcheshi. Alisema taifa lina maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, lakini kijiji chetu kimebahatika kupata wa nne, na huyu ana mkia. Walipomaliza kucheka wakakubaliana. Jumamosi, baada ya zamu ya shamba la kijiji, kikundi cha uvuvi kiende na mbwa na majembe, kifukue lile shimo chini ya jabali, kimalize mama na watoto. Ngozi zitatafutiwa matumizi.

Niliandika: "Kikao kiliazimia kwa kauli moja." Mkono wangu ulikuwa mzuri siku hiyo, herufi zimesimama. Nilipofika nyumbani ndipo nikaelewa kwamba katika kauli moja ile imo na ya kwangu. Nilijua jambo ambalo hakuna mwingine pale ghalani aliyelijua, na nilikaa nalo kama nilivyozoea kukaa na majibu darasani. Tofauti ni kwamba darasani hakuna anayekufa.

Nilichokijua ni hiki. Shimo lao lilikuwa chini ya jabali lile lile tulilofungia kamba. Njia yao ya kwenda ziwani ilikuwa ni ule uwazi kati ya jabali na matete, na wavu wetu uliuziba wote, kutoka ukuta hadi ukuta, kama lango la zizi. Hawakuwa wanatufuata. Sisi ndio tuliokuwa tumetandika meza kwenye kizingiti chao.

Lakini kulisema kulikuwa na sehemu ya pili, na hiyo ndiyo iliyoniziba mdomo zaidi ya haya zangu. Wavu ulikuwa pale kwa sababu baba alikuwa anaogopa maji. Hakuwahi kusema. Nilijua kwa kigoda chake, na kwa jinsi alivyokuwa akivuta kamba, mguu mmoja daima uko kwenye mchanga mkavu. Ningewezaje kusimama mbele ya watu niseme wavu uhamishwe kwenye kina, na kila mtu amgeukie yeye?

Alhamisi mchana tulikuwa tunashona wavu pamoja uani, mimi nashika, yeye anafunga. Mama alikuwa ameenda kupalilia. Nikasema bila kumtazama.

"Baba, njia ya wale wanyama inapita pale wavu ulipo."

"Nani kakwambia?"

"Nawaona kila asubuhi. Shimo lao liko chini ya jabali. Wakitoka tu, wanakutana na wavu."

Akaendelea kufunga. "Kwa hiyo?"

"Wavu ukikaa nje kabisa, kule kwenye kina, hawataugusa sana. Wao chakula chao ni hawa furu na kaa wa kwenye mawe. Na samaki wakubwa, mama wa Majita anasema, wako huko huko nje."

"Huko kunataka mtumbwi."

"Ndiyo, baba."

Alifunga mafundo mengi, mengine mahali ambapo hapakuwa na tundu. Nilidhani nimemkosea adabu, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, na kama kawaida hayakuja. Kisha akasema, taratibu, kwamba alipokuwa mchungaji mdogo, mto Mara ulifurika wakiwa katikati ya kuvuka. Alishika mkia wa ng'ombe akafumba macho mpaka aliposikia nyasi chini ya magoti. Wenzake wawili waliokuwa wameshika mikia mingine hawakufika.

"Huo mkia ndio kuogelea kwangu kote," alisema. "Usiliandike hilo."

Nimeliandika. Alinipa ruhusa baadaye.

Kesho yake nilipochukua ndoo, nilimkuta amekwisha vaa shati. Tulishuka hadi ziwani. Nilimwonyesha pa kukaa kwenye matete, akakaa, magoti juu, kofia mapajani. Maji yalikuwa hatua tatu kutoka kwenye vidole vyake na aliyatazama kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

Asubuhi ile mama fisi maji alikuwa ameamua kwamba siku za kidimbwi zimekwisha. Aliwapeleka watoto kwenye ukingo wa jabali, upande wa kina. Akaingia, akatoka, akapiga mluzi. Wa kwanza akajitupa kama jiwe, akazama, akaibuka anapiga chafya. Wa pili akamfuata kwa sababu hakutaka mwenzake apate kitu yeye akakosa. Wa tatu alikataa. Alitia mkono mmoja majini, akautoa, akaukung'uta. Mama akapanda, akamkamata kwa ngozi ya shingo, akaruka naye. Mtoto aliibuka akipiga kelele za kuomba serikali nzima ije, akapanda mgongoni kwa mama yake, kutoka mgongoni akapanda kichwani, na kutoka kichwani akaruka juu ya jabali, akakaa, anatetemeka, amewapa mgongo wote.

Nikasikia sauti pembeni yangu. Baba alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia, mabega yanaruka. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Hata huyu," alisema. "Na maji ni ya kwao."

Mama yule alimrudia mtoto mara nne. Mara ya nne hakumkamata. Alikaa tu majini karibu, amelala chali, kaa kifuani, anakula polepole. Mtoto akageuza kichwa. Akasogea. Akateremka kinyumenyume, miguu ya nyuma kwanza, kama mtu anayeshuka kutoka darini, na alipoyaachia mawe mama alikuwa pale pale, hajasogea. Tulipoondoka walikuwa wanne wote ndani ya maji, na sikuweza tena kujua yule mwoga ni yupi.

Njiani baba alikuwa mbele yangu. Kofia alikuwa bado ameishika mkononi.

Jumamosi walikuja wote tisa, majembe begani, na mbwa sita. Akina mama nao walifuata kutazama. Mbwa walishanusa jabali na walikuwa wanalia. Chini ya mwamba sikusikia hata mluzi mmoja, na kimya kile kiliniuma kuliko kelele. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama yangu, nimeshika pembe ya kanga yake, msichana wa kidato cha pili.

Baba alisimama kati ya mbwa na shimo. Akasema kabla hawajafukua ana neno la kikundi.

"Nyavu haiko hapa kwa sababu hapa kuna samaki," akasema. "Iko hapa kwa sababu mimi naogopa maji. Tumeziba mlango wa watu, halafu tunawashangaa kuvunja mlango. Tukiwaua hawa, watakuja wengine, na mimi bado nitakuwa naogopa."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Mwenyekiti alikuwa anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Kisha mzee mmoja wa kikundi, mtu mrefu mwenye makovu ya simba mkononi, akakohoa akasema na yeye anaogaga kwa beseni tu, hata mtoni haingiagi. Mwingine akasema yeye akiona maji yanapita kifundo cha mguu, kichwa kinazunguka. Wakaendelea kama watu wanaotoa ungamo kanisani, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabainika kwamba katika kikundi cha uvuvi cha kijiji chetu hakuna hata mtu mmoja anayejua kuogelea, na kila mmoja alikuwa akidhani ni yeye peke yake.

Hapo ndipo kicheko kilipokuja, na kilianzia kwao wenyewe. Mama wa Majita alikaa chini kabisa mchangani akashika mbavu.

"Kumbe mlikuwa mnatega samaki kwa maombi," alisema. Kisha akainuka, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaenda kwenye mtumbwi akaanza kuwatoa kuku. "Haya, shemeji. Shika huku tuugeuze. Nani mwingine?"

Mwenyekiti alitaka kujua azimio la kikao linafanywaje sasa. Baba akasema lipewe wiki mbili. Wavu ukichanika tena kule nje, yeye mwenyewe atashika jembe la kwanza. Mwenyekiti akanitafuta kwa macho, akasema niandike hivyo. Nikasema, "Nitaandika." Lilikuwa neno moja tu, lakini watu walilisikia, na mama yangu aligeuka kunitazama.

Baba aliingia kwenye mtumbwi kama yule mtoto, kinyumenyume. Alikaa katikati, mikono miwili kwenye kingo, shingo imenyooka, hatazami kushoto wala kulia. Mama wa Majita alipiga kasia nyuma, na yule mzee wa makovu, ambaye hakutaka kushindwa, alikaa mbele amekumbatia wavu. Waliutega nje ya majabali kwa maboya na mawe. Walichukua muda mrefu sana. Waliporudi, suruali ya baba ilikuwa imelowa mpaka kiunoni na hakuna aliyeuliza ni maji gani. Mbwa walikuwa wamechoka kungoja, wamelala kivulini.

Jumapili walitoa samaki wakubwa, ngege na ningu, wa kutosha mistari miwili; mistari mingine ilipata Jumatatu. Siku ya sita palikuwa na tundu moja, la kupita mkono. Baba alilishona bila kulitangaza, na mimi sikuliandika kwenye kumbukumbu za kijiji. Nimeliandika hapa. Wiki mbili zilipokwisha hakuna aliyeuliza habari za majembe, kwa kuwa kikundi kilikuwa kwenye maji ya kifuani, wanaume wazima wameshikana mikono, mama wa Majita anawafokea wapulize pumzi. Watoto wa mstari wa kwanza walikuwa wanakuja kuwatazama kama sinema. Fisi maji nao walihamia upande wa pili wa jabali saa hizo, wakakaa juu, wote wanne, shingo zimeinuka.

Nilirudi shuleni Julai. Septemba nilipata barua, na bahasha ilikuwa na mwandiko nisioujua, mkubwa, unaopanda mlima kuelekea kulia. Haikuwa ya karani. Baba alikuwa ameanza darasa la kisomo cha watu wazima, na hii ilikuwa barua yake ya kwanza. Ilikuwa na mistari minne.

"Mama. Huku hatujambo. Watoto wa jabalini wamekua wanavua wenyewe, mmoja kaniibia samaki mkononi. Bado nakaa katikati ya mtumbwi lakini kasia nimeshika."